Kuondoa kabisa kiendelezi kwenye PostgreSQL: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaotunza hifadhidata za PostgreSQL hapa Dar es Salaam: wa mfumo wa mauzo ya jumla Kariakoo, wa kampuni ya usafirishaji Mikocheni, wa mradi wa ramani uliobaki na seva moja baada ya wafadhili kuondoka. Maswali yao yanafanana. Kiendelezi (extension, nyongeza inayoipa hifadhidata aina na funksheni zaidi) kiliwekwa zamani, aliyekiweka ameshahama kazi, na sasa kinazuia kupandisha toleo. Kukiondoa kunaonekana kazi ya amri moja. Ukweli ni kwamba `DROP EXTENSION` hugusa hifadhidata moja tu, na hufuta vile tu ambavyo PostgreSQL imeandika kuwa vinahusiana na kiendelezi hicho. Vilivyobaki ni juu yako.

Nimepiga DROP EXTENSION na imekubali. Mbona kiendelezi bado kinaonekana?

Inategemea umekiona wapi. Orodha ya `pg_available_extensions` inaonyesha viendelezi ambavyo mafaili yake yamo kwenye diski, viwe vimewekwa au la. Vilivyowekwa kweli viko kwenye `pg_extension`, au ukiwa ndani ya psql piga `\dx`.

Kama `\dx` bado inakionyesha, basi uko kwenye hifadhidata nyingine. Kiendelezi huwekwa kwa kila hifadhidata peke yake. Seva moja yenye hifadhidata ya mauzo, ya mishahara na ya majaribio inaweza kuwa nacho mara tatu, kila mahali kwa toleo lake. Zipitie zote:

```
for db in $(psql -At -c "SELECT datname FROM pg_database WHERE datallowconn"); do
  echo "== $db"
  psql -At -d "$db" -c "SELECT extname, extversion FROM pg_extension"
done
```

Itazame `template1` kwa makini. Kikiwa humo, kila hifadhidata mpya itakayoundwa kwa `CREATE DATABASE` bila kutaja kiolezo kingine itazaliwa nacho, na mwezi ujao utajiuliza kimerudije.

Nifuate mpangilio gani?

Kwanza tafuta nani anakitegemea, uhamishe data na funksheni zake. Kisha `DROP EXTENSION` katika kila hifadhidata. Halafu ondoa jina lake kwenye mipangilio, zima seva na kuiwasha. Kifurushi cha mfumo endeshi kiondolewe mwisho kabisa. Wengi huanza na `apt purge` kwa sababu ndiyo wanayoijua, na hapo ndipo seva inapogoma kuwaka.

CASCADE ni hatari kiasi gani?

`CASCADE` hufuta kiendelezi pamoja na kila kinachokitegemea. Ni hatari kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu haikatai kitu. Bila kutaja neno lolote, PostgreSQL hutumia `RESTRICT`: ikikuta kitu kinachokitegemea kiendelezi, inakataa na kukutajia kitu hicho. Kukataa huko ni msaada. Watu hukuona kama kikwazo, wanaongeza `CASCADE`, na kazi inaisha kwa sekunde moja pamoja na vitu ambavyo hawakuvikusudia.

Kinachoondoka hutegemea namna kitu kilivyofungamana na kiendelezi. Ukiondoa `citext` kwa `CASCADE`, kila safu yenye aina ya `citext` inafutwa pamoja na data yake. Jedwali linabaki, mistari inabaki, lakini barua pepe za wateja wako zimekwenda. Ukiondoa `pg_trgm`, indeksi zilizojengwa kwa `gin_trgm_ops` zinafutwa. Data iko salama, ila utafutaji wa jina la bidhaa uliokuwa papo hapo sasa unasoma jedwali zima. Ukiondoa `postgres_fdw`, seva za nje, ramani za watumiaji na majedwali ya nje vinaondoka, ingawa data yenyewe kule upande wa pili haiguswi. Na kwa `timescaledb`, kiendelezi cha data inayofuata muda, usithubutu kabla ya kunakili data kwenda majedwali ya kawaida, kwa sababu vipande vinavyobeba data hukaa ndani ya skima ya kiendelezi chenyewe, na skima hiyo ikiondoka huondoka navyo.

Habari njema ni kwamba PostgreSQL hukuruhusu kuangalia kwanza. Amri hii ni muamala kama mwingine wowote:

```
BEGIN;
SET LOCAL lock_timeout = '3s';
DROP EXTENSION citext CASCADE;
ROLLBACK;
```

Soma orodha inayotoka kabla ya `ROLLBACK`. Vitu vikizidi 100, skrini itakuonyesha 100, na vilivyobaki utavikuta kwenye logi ya seva ikiwa tu `log_min_messages` inaruhusu ujumbe wa ngazi ya `notice`, kwa hiyo usione orodha imeishia mahali ukadhani ndiyo yote. Muda wote muamala huo ukiwa wazi, majedwali husika yamefungwa na hakuna anayeyasoma. `lock_timeout` huzuia tu amri kusubiri kufuli zaidi ya sekunde 3, haifupishi muda huo, kwa hiyo usichelewe kupiga `ROLLBACK`. Afadhali zaidi ufanye jaribio hili kwenye seva uliyorudishia bakapu, usilifanye saa nne asubuhi wakati wauzaji wana foleni dukani.

Baada ya kuhamisha kila kitu, rudi upige `DROP EXTENSION` bila `CASCADE`. Ikikubali kimya kimya, ujue umefanya kazi yako vizuri. Mimi huichukulia `CASCADE` kama chombo cha uchunguzi tu.

RESTRICT ilikubali bila malalamiko, lakini programu ikaanza kutoa makosa. Kwa nini?

Kwa sababu PostgreSQL haioni kila utegemezi. Mwili wa funksheni ya PL/pgSQL umehifadhiwa kama maandishi matupu. Ndani yake unaweza kuita `crypt()`, `similarity()` au `ST_Distance()`, na mfumo hautaandika popote kwamba funksheni yako inategemea kiendelezi. Kosa litatokea siku funksheni itakapoitwa, na huenda ni ile ya kufunga hesabu za mwisho wa mwezi. Funksheni za SQL zilizoandikwa kwa mtindo wa `BEGIN ATOMIC`, uliokuja na toleo la 14, ndizo pekee ambazo utegemezi wa miili yake hufuatiliwa.

Tafuta mwenyewe:

```
SELECT n.nspname, p.proname
FROM pg_proc p
JOIN pg_namespace n ON n.oid = p.pronamespace
JOIN pg_language l ON l.oid = p.prolang
WHERE l.lanname IN ('sql', 'plpgsql')
  AND p.prosrc ILIKE '%similarity%';
```

Rudia kwa kila funksheni ya kiendelezi. `\dx+ pg_trgm` itakupa majina yote. Kisha fanya utafutaji huohuo kwenye msimbo wa programu, kwa kuwa maswali ya SQL yaliyoandikwa huko hifadhidata haiyajui kabisa. Ripoti za Excel zilizounganishwa moja kwa moja na hifadhidata nazo zisisahaulike. Muulize mhasibu.

Mfano unaonisumbua kuliko yote ni `pgcrypto`. Taarifa zilizofichwa kwa `pgp_sym_encrypt()` hukaa kwenye safu ya aina ya `bytea`, ambayo ni aina ya PostgreSQL yenyewe. Kwa hiyo `RESTRICT` haina cha kukataa: kiendelezi kinaondoka kwa amani, na namba za vitambulisho vya wateja zinabaki pale bila njia ya kuzifungua ndani ya hifadhidata. Hazijapotea, maana ukikirudisha kiendelezi na bado una ufunguo zitasomeka tena. Lakini kama uliondoa kifurushi kwenye seva zote na aliyeshika ufunguo hayupo, una tatizo kubwa.

Nina uuid-ossp kwenye kila jedwali. Nitaiondoaje bila kubadilisha namba za wateja?

Namba hazibadiliki. Aina ya `uuid` ni ya PostgreSQL yenyewe. Kiendelezi kilileta funksheni za kuzizalisha tu. Tangu toleo la 13 ipo `gen_random_uuid()` bila kiendelezi chochote, nayo hutoa namba za aina ileile ya nne kama `uuid_generate_v4()`.

```
ALTER TABLE wateja ALTER COLUMN id SET DEFAULT gen_random_uuid();
DROP EXTENSION "uuid-ossp";
```

Alama za nukuu ni lazima kwa sababu ya kistari kwenye jina. Ukitumia `CASCADE` badala ya mstari wa kwanza, thamani ya awali ya safu itafutwa na kila mteja mpya atakataliwa kwa kosa la `NOT NULL`.

Tunataka kuondoa PostGIS. Data ya ramani itaokolewaje?

Kwanza jiulizeni kama kweli mnataka. Dar es Salaam imechorwa kwa undani katika OpenStreetMap kupitia Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015 kwa kuwatumia wanafunzi na wakazi kuchora kata zinazofurika, na data ya aina hiyo inaishi vizuri ndani ya PostGIS. Kama mnauliza mara kwa mara ni nyumba zipi ziko ndani ya bonde la Msimbazi, bakini nayo. Kama kilichopo ni nukta za maduka na hakuna anayepima umbali, iondoeni.

Kwa nukta, tengeneza safu mbili za kawaida:

```
ALTER TABLE vituo
  ADD COLUMN latitudo double precision,
  ADD COLUMN longitudo double precision;
UPDATE vituo
SET longitudo = ST_X(mahali), latitudo = ST_Y(mahali);
```

Safu ikiwa ya aina ya `geography`, andika `mahali::geometry` ndani ya mabano. Kisha hakiki. Hapa kwetu latitudo inapaswa kuwa karibu na hasi 6.8 na longitudo karibu na 39.2. Ukizipishanisha, duka lako la Kariakoo litaangukia magharibi mwa Hispania, na hakuna kosa litakalojitokeza kukuonya.

Ukiona tarakimu za mamia ya maelfu na mamilioni, data yako iko kwenye mfumo wa mita, mara nyingi UTM kanda ya 37 kusini. Itafsiri kwanza kwa `ST_Transform(mahali, 4326)`, maana ukishaondoa PostGIS huna tena chombo cha kufanya hivyo. Angalia `ST_SRID`, namba ya mfumo wa majira, kabla ya kuamini: 32737 na 21037 zote ni za kanda hiyo, lakini ya pili imejengwa juu ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa upimaji wa Afrika Mashariki, na kuzichanganya kutasogeza mipaka ya viwanja vya watu. Kwa wanaoshughulika na ardhi hilo si jambo dogo.

Maumbo kama mipaka ya mitaa yatoe kwa `ST_AsEWKT`, inayobeba namba ya mfumo wa majira pamoja na umbo. `ST_AsText` huiacha namba hiyo.

Baada ya hapo ondoa kwa kufuata utegemezi: `postgis_tiger_geocoder`, `postgis_topology`, `postgis_raster`, na mwisho `postgis`. Kile cha kwanza ni cha kutafuta anwani za Marekani na hapa Dar hakina kazi, ila hukutwa mara nyingi kwa sababu huja tayari kimewekwa kwenye picha ya Docker ya PostGIS. Kisha angalia skima za `tiger`, `tiger_data` na `topology`. Zinaweza kubaki baada ya kiendelezi kuondoka. Hakikisha hazina kitu chako ndipo uzifute kwa `DROP SCHEMA`, nayo bila `CASCADE`.

Tukiondoa pg_cron, kazi zilizopangwa zinakwenda wapi?

Zinafutwa, kwa sababu zimeandikwa kwenye jedwali la `cron.job` ambalo ni mali ya kiendelezi. Zinakili kabla, ukiwa na akaunti ya msimamizi mkuu, maana mtumiaji wa kawaida huziona zake tu:

```
SELECT schedule, command, database, username, active FROM cron.job;
```

Kuna mtego wa saa hapa. Isipokuwa `cron.timezone` ilibadilishwa, pg_cron husoma saa kwa GMT, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kazi iliyoandikwa `0 23 * * *` kumbe hufanyika saa nane usiku kwa saa zetu. Ukiihamishia kwenye crontab ya seva inayofuata saa za Dar es Salaam, iandike `0 2 * * *`. Na siku pia inaruka: `0 23 1 * *` ya GMT kwetu ni alfajiri ya tarehe 2. Ukinakili mstari bila kufikiri, ripoti ya mwezi itatoka saa tano usiku wa tarehe 1, kabla mauzo ya siku hiyo hayajafungwa.

Seva haiwaki. Inasema haiwezi kufikia faili la maktaba.

Uliondoa kifurushi wakati jina lake bado liko kwenye `shared_preload_libraries`. Seva ikiwaka hutafuta kila maktaba iliyotajwa pale, na ikikosa moja inasimama. Data yako haijaguswa, kwa hiyo usianze kurudisha bakapu.

Fungua `postgresql.conf` na `postgresql.auto.conf`, ondoa jina hilo, washa tena. Faili la pili huandikwa na `ALTER SYSTEM` na huwa na nguvu kuliko la kwanza. Ndiyo sababu unaweza kusafisha la kwanza na tatizo likabaki palepale.

Seva ikiwa hai, fanya mapema:

```
SELECT name, setting, sourcefile
FROM pg_settings WHERE name LIKE '%preload_libraries';

ALTER SYSTEM SET shared_preload_libraries = pg_stat_statements, pg_cron;
```

Angalia mstari wa mwisho, unaotaja maktaba zinazobaki tu: majina hayakufungwa pamoja ndani ya nukuu moja. Ukiandika `'pg_stat_statements, pg_cron'`, PostgreSQL italiona kuwa jina la faili moja lenye koma katikati, na seva haitawaka. Mabadiliko haya yanahitaji kuzima na kuwasha, `reload` haitoshi.

Angalia pia `\drds`, inayoonyesha mipangilio iliyofungwa kwa mtumiaji au hifadhidata fulani. Huko ndiko `session_preload_libraries` hujificha.

Kifurushi nakiondoaje kwenye Ubuntu?

Tazama majina kwa `dpkg -l | grep postgresql`, kisha kwa mfano `apt purge postgresql-16-postgis-3 postgresql-16-postgis-3-scripts`. Viendelezi vya contrib kama `pg_trgm` na `citext` huja pamoja na kifurushi cha seva, kwa hiyo mafaili yake yatabaki. Yaache, hayali kitu. Kama kilijengwa kwa `make install`, rudi kwenye folda ya msimbo ule na upige `make uninstall`. Folda ikiwa haipo, mafaili yako chini ya njia zinazotolewa na `pg_config --sharedir` na `pg_config --pkglibdir`.

Miunganisho iliyokuwa wazi huendelea kuishika maktaba kwenye kumbukumbu mpaka ifungwe. Ukitumia PgBouncer, programu inayogawa miunganisho ya hifadhidata, ipe amri ya `RECONNECT`.

Na replika?

Replika ya WAL (nakala ya seva inayofuata logi ya mabadiliko ya seva kuu) itapokea `DROP` yenyewe. Mipangilio na vifurushi haipokei, kwa hiyo viondoe kwa mkono kwenye kila seva baada ya kuhakikisha imeshaifikia seva kuu. Urudufishaji wa kimantiki haubebi amri za kubadili muundo, hivyo kule nako upige `DROP EXTENSION` wewe mwenyewe.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Kama `DROP EXTENSION` haijakamilika, seva ikiwaka itakuwa kana kwamba hukuianza, mradi hukuzima `fsync`, mpangilio unaohakikisha data imeandikwa kweli kwenye diski. Ukikatika katikati ya `apt`, piga `dpkg --configure -a` kisha uendelee.

Sina ruhusa ya kukiondoa.

Mwenye kiendelezi au msimamizi mkuu ndiye anayeweza. Kwenye huduma za wingu mafaili hayako mikononi mwako. Utaishia kwenye `DROP` na kusafisha vigezo kupitia ukurasa wao. Hilo linatosha. Na `plpgsql` iache mahali pake, ingawa nayo ni kiendelezi.

Safu ikishafutwa, data yake imefutika kweli?

Hapana, si papo hapo. PostgreSQL huiweka alama safu kuwa imefutwa, na baiti zake hubaki ndani ya mistari ya zamani mpaka jedwali liandikwe upya, kwa mfano kwa `VACUUM FULL`, ambayo hulifunga jedwali lote muda wote inapofanya kazi. Kama zilikuwa taarifa za watu, lichukulie kwa uzito: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kumwambia mteja kwamba mahali anapoishi mmepafuta wakati bado papo kwenye diski na kwenye bakapu si kumtendea haki.

Nitajuaje kwamba kimeondoka kabisa?

Toa muundo wa hifadhidata kwa `pg_dump -s`, uurudishe kwenye seva tupu ya toleo hilohilo isiyo na kifurushi hicho kabisa. Ukipita bila kosa, hakuna jedwali, mwonekano wala indeksi inayokihitaji. Kwa miili ya funksheni jaribio hili halitoshi, ziendeshe zenyewe. Unayepandisha toleo, `pg_upgrade --check` itakuambia kama bado kuna maktaba inayotajwa na haipo kwenye seva mpya, na majina yake utayakuta kwenye faili la `loadable_libraries.txt`.

Bakapu za zamani bado zinakitaja. Nizifute?

Usizifute. Bakapu ya `pg_dump` iliyotolewa kabla ina mstari wa `CREATE EXTENSION`, na ukiirudisha kwenye seva isiyo na mafaili hayo itatoa makosa kwa kila jedwali linalohusika. Andika kando ya bakapu hizo jina la kifurushi, toleo la kiendelezi na toleo la PostgreSQL, ili atakayezihitaji miaka miwili ijayo ajue cha kuweka kabla ya kuzifungua.

Nikibadili mawazo, CREATE EXTENSION itarudisha kila kitu?

Itarudisha funksheni na aina. Safu, indeksi na kazi zilizofutwa kwa `CASCADE` utazipata kwenye bakapu tu.